SAHIHI YA SERIKALI NI DENI

Katika mkutano uliopita wa Chama chetu, baada ya hesabu kusomwa na mashauri ya kawaida kwisha, alisimama mwanachama mmoja aliye karibu kustaafu, akauliza swali ambalo hapana aliyemjibu barabara. Alisema: “Ndugu zangu, tangu nilipoingia kazini nimeyaona mapatano mengi yakitiwa sahihi, picha zikapigwa, mikono ikapeanwa. Kisha nimeiona migomo mingi ya kudai yale yale yaliyokwisha kukubaliwa. Je, sahihi hizo zafaa nini?” Wengine walicheka, wengine waliinama. Mwenyekiti akasema saa imepita, tukaondoka. Lakini swali lile halikuondoka, nasi twaona yatupasa kulijibu katika ukurasa huu, kwa kuwa ndani yake mna habari yote ya ugomvi uliopo kati ya Serikali na vyama vya watumishi wake.

Watu wengi hudhani ya kuwa ugomvi huo ni wa fedha tu. Mwenye duka husema watumishi wa umma wana tamaa. Mtumishi husema Serikali ina choyo. Magazeti huandika tarakimu, na kila mtu huchagua tarakimu impendezayo. Fedha imo, hatukatai. Hapana mtu awezaye kulisha watoto kwa heshima ya cheo. Lakini ukiyachunguza mambo yaliyotokea katika nchi yetu ya Kenya kwa miaka mingi, utaona kwamba mingi katika ile migomo mirefu na michungu haikuwa ya kutaka jambo jipya. Ilikuwa ya kutaka Serikali itimize jambo ambalo imekwisha kulikubali kwa mkono wake. Hilo ndilo tutakalo kulionyesha leo. Haki ya kushauriana kwa pamoja si haki ya kukaa meza moja na kunywa chai. Ni haki ya kwamba lililokubaliwa mezani lifunge pande zote mbili. Pasipo hilo, mashauriano ni arzuhali iliyovikwa nguo mpya.

Neno hilo, arzuhali, vijana wetu hawalitumii tena, kwa hiyo yafaa tulieleze. Wazee waliotutangulia katika kazi za ofisi hawakuwa na haki ya kupatana na Serikali. Walikuwa na ruhusa ya kuomba. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha mjini Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, na vyama vya namna hiyo vilitokea baadaye mahali pengi. Chombo chao kikubwa kilikuwa barua. Barua ilianza kwa adabu, ikaeleza shida, ikamalizika kwa maneno “mimi mtumishi wako mtiifu.” Bwana Mkubwa akipenda, hujibu, asipopenda, huitia katika mtoto wa meza. Hapana aliyeweza kumshitaki kwa kutojibu, maana mwombaji hadai. Tusiwadharau wazee hao. Kuandika barua ile katika siku zile kulitaka moyo, na ni wao waliotufundisha kukutana, kutunza hesabu na kusema kwa sauti moja. Lakini tusijidanganye juu ya mpaka wa kazi yao: anayeomba hupewa, wala hadaiani na mtu.

Matokeo ya kuomba pasipo kupatana yalionekana katika mishahara. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa Serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja miaka ya 1947 na 1948, ilishauri kwamba Mwafrika alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu aliye katika kazi ile ile. Yaani kwa kila shilingi 5 za mwenziwe, yeye apate 3. Wenye kukatwa hizo mbili waliweza kutoa maoni, lakini hawakuwa na nguvu ya kukataa. Kanuni hiyo ya rangi iliondolewa baada ya Tume ya Lidbury kutoa taarifa yake mwaka 1954.

Wako waliochoka kuomba wakajaribu njia nyingine. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa nyumbani. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu siku 12, ukaisha kwa ahadi ya kwamba baraza litaundwa kuchunguza mishahara. Na kweli uamuzi wake, uliojulikana kwa jina la Thacker, uliwaletea wengi nyongeza. Lakini Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa chama kilichozaliwa na mgomo ule, alikamatwa mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule akahamishiwa Baringo. Basi wafanya kazi wakajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba umoja waweza kuleta nyongeza, na kwamba nyongeza isiyoambatana na haki haimlindi aliyeidai.

Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuridhika na nyongeza. Walitaka vyama vinavyotambuliwa na sheria, vyenye haki ya kuketi na mwajiri na kuandikiana. Watumishi wa umma walikuwa mstari wa mbele. Tom Mboya mwenyewe alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi, na alianzia katika chama cha watumishi wa baraza hilo hata akawa kiongozi wa wafanya kazi wa nchi nzima. Walimu walianzisha chama chao, KNUT, mwaka 1957. Mwaka 1962, Uhuru ulipokuwa karibu, Serikali, waajiri na vyama walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Kazi, ili magomvi yaamuliwe kwa mashauri kabla ya nguvu. Kutoka Tanga hata mkataba huo ilikuwa miaka 40. Ndiyo njia iliyotoka katika kuomba ikafika katika kupatana.

Walakini njia hiyo yaweza kurudiwa nyuma. Mwaka 1980, chini ya utawala wa Rais Moi, chama cha watumishi wa Serikali ya Kenya kilifutwa. Hakikuandikishwa tena hata mwaka 2001. Kwa miaka hiyo 21 karani wa Serikali katika nchi huru alikuwa amerudishwa kwenye arzuhali. Mshahara ulipanda ilipopendeza na kukaa ilipopendeza. Kijana aliyeingia kazini mwaka ule wa 1980 alipata mvi kabla ya kuona mtu wa kumsemea.

Leo, kwa maandishi, hatuna la kulalamika. Katiba ya 2010, katika ibara ya 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama na haki ya kugoma, na yakipa kila chama na kila mwajiri haki ya mashauriano ya pamoja. Haibagui karani wa Serikali na mfanya kazi wa kiwandani. Hata mikataba ya mataifa haikuwa na ukarimu huo tangu mwanzo: Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, ambao Kenya iliukubali mwaka 1964, walinda mashauriano ya pamoja, lakini katika ibara yake ya 6 wawaacha nje watumishi walio katika uendeshaji wa Dola, mkataba wao maalum, namba 151, ulikuja mwaka 1978. Basi Katiba yetu imetupa zaidi. Tuone sasa maandishi hayo yamefanya kazi gani.

Tuanze na walimu. Mwezi wa Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukiwa karibu, walimu waligoma, na Serikali ikakubali kuwaongezea mishahara kwa awamu katika muda wa miaka 5, nyongeza iliyofika hadi asilimia 200. Mapatano hayo yalitangazwa katika gazeti rasmi la Serikali kwa Tangazo namba 534. Uchaguzi ulifanyika Desemba. Awamu ya kwanza ililipwa. Kisha mwaka 1998 Serikali ikasema Hazina haina fedha. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998, wakarudi darasani mikono mitupu. Sehemu iliyobaki ilingoja hata ikaja serikali nyingine baada ya uchaguzi wa Desemba 2002. Msomaji na ajiulize: ni nini kilichobadilika kati ya Oktoba 1997 na Oktoba 1998? Hesabu za Hazina hazikuzaliwa katika mwaka mmoja. Kilichobadilika ni kwamba kura zilikuwa zimekwisha kupigwa.

Kisha madaktari. Mwezi wa Juni 2013 chama chao, KMPDU, kilitia sahihi mapatano na Wizara ya Afya. Hayakuwa ya mishahara tu. Yalikuwamo pia mambo ya kuongeza madaktari na kusaidia mafunzo na utafiti. Miaka mitatu ikapita. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari waliacha kazi wakidai mapatano yale, na mgomo ukadumu siku 100, hata tarehe 14 Machi 2017. Serikali ilisema mapatano hayana nguvu, kwa kuwa hayakuandikishwa mahakamani wala hayakupitia kwa wenye madaraka ya mishahara. Katikati ya mgomo, mwezi wa Februari, viongozi 7 wa chama walitiwa jela kwa kutoitii amri ya mahakama ya kuusimamisha, na Mahakama ya Rufaa ikawatoa siku mbili baadaye. Hatusemi kwamba amri ya mahakama ipuuzwe. Mtumishi wa umma aidharauye mahakama aukata mti anaoukalia. Tunasema hili tu: aliyevunja amri alilala jela, na aliyekaa na mapatano miaka mitatu pasipo kuyatimiza hakulala popote ila kitandani mwake.

Mgomo ule ulizaa mapatano mapya ya miaka 2017 hadi 2021. Humo mshahara wa daktari mwanagenzi uliandikwa kuwa shilingi 206,000 na zaidi kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikataka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000. Madaktari wakagoma tena kuanzia katikati ya Machi, siku 56, wakarudi kazini tarehe 8 Mei, na jambo la wanagenzi likiachwa kwa mashauri ya baadaye. Mwezi wa Desemba 2024 ndipo Serikali ilipokubali kwamba walipwe kama ilivyoandikwa mwaka 2017. Yaani nchi ilipoteza siku 56 za matibabu na miezi mingine ya mashaka ili kufika mahali ambapo ilikuwa imekwisha kufika miaka saba mbele yake.

Na mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49, wakidai malimbikizo ya mapatano ya 2017 hadi 2021. Mapatano yalikuwa yamekwisha muda wake, na deni lake lilikuwa bado hai.

Basi kwa nini mambo huwa hivi? Tusikimbilie kusema kwamba wakubwa ni watu waovu. Uovu wa mtu mmoja hauwezi kudumu kupita marais wanne. Sababu ni umbo la kazi yenyewe. Mwenye kiwanda cha sabuni akipatana na watu wake, juu yake kuna sheria asiyoitunga, kuna hakimu asiyemlipa, na kuna benki isiyo mali yake. Lakini Serikali ndiyo mwajiri. Ndiyo ipelekayo miswada Bungeni. Ndiyo ishikayo Hazina. Na polisi wanaokuja penye maandamano ni watumishi wake pia. Ikitia sahihi kwa mkono mmoja, ina mikono mingine mitatu ya kuifutia. Waziri wa wizara hukubali. Hazina husema haikuulizwa. Kaunti husema haikuwako. Mwanasheria husema karatasi haikuandikishwa. Wote ni Serikali, na kila mmoja asema kweli kwa upande wake. Mtumishi huzunguka kutoka mlango mmoja hata mwingine kama mtu anayetafuta mdeni aliye na majina manne.

Ikaja Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo Katiba, katika ibara ya 230, imeipa kazi ya kupanga mishahara ya wakubwa wa Dola na kuishauri Serikali ya taifa na za kaunti juu ya malipo ya watumishi wengine wote wa umma. Wengi wetu tulidhani kushauri ni kushauri. Lakini mwaka 2015 mambo yalidhihirika. Mwezi wa Juni Mahakama ya Kazi iliamuru walimu waongezwe kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa. Walimu wakagoma mwezi wa Septemba, shule zikafungwa. Tarehe 6 Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza ile, ikaeleza kwamba ushauri wa Tume hiyo una nguvu ya kufunga. Kwa hiyo mezani sasa wako watatu, wala si wawili. Na huyo wa tatu mara nyingi haketi, bali hungoja nje ya mlango kusema “hapana” watu wakiwa wamekwisha kupeana mikono.

Sasa yatupasa kuisemea Serikali haki yake, maana karatasi hii si ngoma ya kupigwa upande mmoja. Fedha ya umma si mali ya Waziri wala si mali yetu. Ni ya yule mama auzaye mboga Kongowea, alipaye kodi katika sukari na mafuta ya taa. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zimeweka mpaka wa asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, na mpaka huo una maana, kwa sababu nchi ilipayo makarani wote na isibakize fedha ya kununua dawa imewaajiri makarani kwa kazi gani? Kadhalika si jambo jepesi kwa serikali za kaunti 47, zilizopokea kazi ya afya mwaka 2013, kubeba mapatano ambayo hazikuyafanya. Na Tume ya Mishahara haikuundwa kutuonea sisi. Iliundwa kwa kuwa zamani wakubwa walijipangia mishahara yao wenyewe. Mtu mwaminifu hawezi kuyapuuza hayo.

Lakini hoja hizo zote zina wakati wake, na wakati wake ni kabla ya kutia sahihi. Mwenye kusema “sina” kabla ya kuahidi ni mtu wa haki, nasi tutashindana naye kwa hoja. Mwenye kuahidi akijua hana, apate kupita siku ya leo, huyo amekopa imani ya watu, na imani haina riba ya kuirudishia. Kila mapatano yanayovunjwa humfundisha mtumishi kwamba mashauri hayana faida na kwamba mgomo peke yake ndio unaosikiwa. Halafu mgomo ukija, Serikali hushangaa kwa nini watu hawapendi mashauri.

Wala sisi wenyewe hatuna mikono safi. Kwanza, wako viongozi wa vyama wanaotia sahihi kwa haraka, wapate kurudi kwa wanachama na tarakimu kubwa karibu na uchaguzi wa chama. Tarakimu isiyo na fungu la fedha nyuma yake ni upepo, na kiongozi anayejua hivyo akanyamaza ni mshirika wa mdanganyifu. Pili, wanachama wengi hatuyasomi mapatano yetu. Mwandishi wa maneno haya alipowauliza makarani wenzake katika ofisi moja ni nani aliye na nakala, alipatikana mmoja, na ilikuwa haina ukurasa wa mwisho, ambao ndio wenye sahihi. Tatu, tumesahau mara nyingi anayeumia. Katika zile siku 100 za 2016 na 2017, na tena wauguzi walipogoma mwaka 2017 kwa muda wa miezi mitano hivi, mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Asiye na fedha alibaki nyumbani na mgonjwa wake. Waziri hakuzaa kwenye majani. Fahali wawili wapiganapo, nyasi huumia; nasi tulio mmoja wa mafahali hao hatuna budi kuziona nyasi.

Kwa hiyo, mbele ya mashauriano yoyote yajayo, Chama chetu chafaa kushika mambo haya.

La kwanza: tusiketi na mtu asiyeweza kufunga. Kabla ya neno la mshahara kusemwa, tuulize kwa maandishi: Hazina imemtuma nani? Tume ya Mishahara imetoa ushauri gani? Kaunti zimekubali kubeba nini? Walimu walipotia sahihi na Tume yao ya kuwaajiri mwezi wa Oktoba 2016 mapatano ya shilingi bilioni 54 kwa miaka 2017 hadi 2021, kazi ya kupima madaraja ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na Tume ya Mishahara kwanza. Magomvi mengine yalizuka baadaye, lakini fedha hizo zilianza kulipwa kwa awamu, wala hapana aliyesema hakuulizwa.

La pili: karatasi iandikishwe. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 yataka mapatano ya pamoja yapelekwe mahakamani katika siku 14, na yapata nguvu ya sheria yakiisha kuandikishwa. Ni wajibu wa mwajiri kuyapeleka. Asipoyapeleka, chama kina ruhusa ya kuyapeleka chenyewe. Basi tusingoje. Katibu ahesabu siku kama mwenye kufunga Ramadhani ahesabuvyo, na ya kumi na tano isimkute nyumbani. Tusirudie kuona mwajiri akikwepa deni kwa sababu ya karatasi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuipeleka.

La tatu: mapatano yafuate kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai, na makadirio yatakiwa kufika Bungeni miezi miwili kabla ya mwaka wa nyuma kwisha. Ahadi isiyowahi makadirio imezaliwa bila kitanda. Na iandikwe kwa maneno yasiyo na mafumbo: kiasi, tarehe, fungu litakalolipa, na litakalofuata fungu hilo likikosekana.

La nne: tuweke wazi mapema ni kazi gani hazitaachwa, hata siku ya mgomo. Mama anayejifungua, mtu aliyevunjika, mgonjwa aliyelazwa, hao si silaha ya upande wowote. Chama kitakachowalinda hao kitasikilizwa na wananchi. Na Serikali yaogopa wananchi kuliko inavyotuogopa sisi.

La tano: kila mwanachama awe na nakala, pamoja na ukurasa wa mwisho. Tawi lisiloweza kulipa chapa lituandikie, tutazipiga kwa mashine hii hii inayopiga maneno haya.

Tumwendee sasa yule mzee aliyeuliza. Ndugu yetu, sahihi zafaa nini? Jibu letu ni hili. Sahihi haina miguu. Haiendi Hazina peke yake. Lakini tofauti yake na arzuhali ni kubwa. Wazee wa 1922 walipokosa kujibiwa, hawakuwa na la kufanya ila kuandika barua nyingine. Wanagenzi wa 2024 walipoambiwa wapokee 70,000, walifungua karatasi ya 2017 wakaonyesha mahali palipoandikwa. Hawakusema “twaomba.” Walisema “twadai,” na mwisho wake Serikali ilirudi kwenye karatasi ile. Ilichukua muda mrefu kupita kiasi, na wasiokuwa na hatia waliulipia muda huo. Lakini karatasi ilikuwako. Kama isingalikuwako, wangalipokea 70,000 na kushukuru.

Kwa Serikali tunasema kwa heshima, na kwa kweli. Hatukuombi ututajirishe. Tunakuomba usiahidi usichoweza, na ukiisha kuahidi, uwe mtu mmoja: Waziri wako, Hazina yako na mwanasheria wako waongee kwa kinywa kimoja. Wewe ndiwe uwafundishao raia kutii mikataba. Mwenye nyumba, mpangaji na mfanya biashara huja katika mahakama zako kufungwa na sahihi zao. Raia akiona kwamba sahihi ya Serikali ndiyo peke yake isiyofunga, atajifunza somo ambalo hatutaweza kumsahaulisha.

Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Mkutano ujao utaanza na swali la yule mzee, kabla ya hesabu kusomwa. Kila mwanachama na aje na nakala yake.

MHARIRI